Mashine ya Mama Mkwe

Adungosi
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwako Baba Janet,

Sitauliza habari zako, maana nimekasirika na sitaki kuambiwa kwamba ni nzuri.

Mashine yangu ya kukata nyasi iko wapi?

Nilianguka tarehe kumi na tatu Februari nikavunjika mbavu mbili, nikalazwa siku kumi na moja. Niliporudi nilienda stoo hata kabla ya kunywa maji. Stoo tupu. Kumebaki kopo la mafuta na brashi yangu. Okwi wa boda aliniona nikizunguka ua nimejishika ubavu, akaniambia, "Mama, si mkwe wako alibeba hiyo kitu? Mimi mwenyewe nilimsaidia kufunga kamba." Kumbe Adungosi nzima inajua, isipokuwa mwenye mali.

Ningekupigia simu, lakini kwa simu nitakutukana, na mama mkwe hamtukani mkwe kwa mdomo. Kwa kalamu sijasikia mzee yeyote akikataza. Kuja Malaba kusimama mlangoni kwako pia siwezi, kwa heshima ile ile, na wewe unaitumia heshima hiyo kama ukuta wa kujifichia.

Hujui ulichobeba, kwa hiyo nikuambie. Mashine ile ya stima ilitengenezwa Uingereza mwaka wa 1964, mwaka wenyewe uko kwenye kibao cha shaba. Ililetwa na masista wa misheni. Mimi nilianza kuisukuma mwaka wa 1988, kwa sababu wanaume wote walioitwa kazi hiyo waliogopa stima. Masista walipofunga nyumba yao mwaka wa 2009 walinipa. Rangi ya kijani ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Sanduku la kukusanyia nyasi ni lile lile. Kaboni za mota nimebadilisha mara nne, na kwa vile za saizi yake haziuzwi popote, nanunua kaboni kubwa za mashine ya posho na kuzisugua kwa msasa mpaka zikae sawa. Maji hayajawahi kuigusa. Nikimaliza kukata naipangusa kwa brashi kavu, natia tone la mafuta kila upande, halafu nazungusha visu polepole kwa mkono juu ya kipande cha karatasi. Karatasi ikikatika safi, naifunika. Ikichanika, sijamaliza kazi.

Nakumbuka Bwana Robinson, yule mwenye hoteli Kisumu anayenunua vitu vya zamani awaonyeshe wageni. Mwaka jana alikuja hapa akataja laki moja na nusu, nikamfukuza. Siku hiyo ulikuwa umesimama nje ya ua na hiyo bei uliisikia vizuri.

Misheni wamenipa uwanja wa kanisa niukate kwa ajili ya Pasaka. Mvua imeanza. Nataka mashine yangu hapa kabla ya Ijumaa. Barua hii anakuletea Okwi, na jibu umpe yeye.

Mimi mama wa mke wako,
Phoebe Atyang


Malaba
Alhamisi, 6 Machi 2025

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa binti yako Sharlyne na kwa mjukuu wako Janet. Tunamshukuru Mungu umetoka hospitali. Sharlyne anakuombea kila siku.

Kuhusu mashine, usiwe na wasiwasi. Iko kwangu, iko salama, haijauzwa wala haitauzwa. Niliona nikuwekee wakati wewe uko hospitali, kwa sababu stoo yako haina kufuli ya maana. Pia nilifikiri inahitaji ukaguzi kidogo. Mota ni ya zamani na imefanya kazi nyingi. Unajua kazi yangu ni waya za malori, kwa hiyo nikipata nafasi katikati ya malori nitaiangalia taratibu.

Kwa sasa naomba upumzike. Daktari alisema miezi mitatu bila kusukuma kitu. Nimempa Okwi pesa amlipe jirani yako Oriokot akukatie nyasi za nyumbani kwa panga. Uwanja wa kanisa waachie vijana, Mama. Umefanya kazi ya kutosha.

Wako mtiifu,
Alvin Makokha


Adungosi
Jumatatu, 10 Machi 2025

Kwako Baba Janet,

Barua yako ina asali nyingi na habari kidogo.

Kwanza, Oriokot nimemfukuza. Amenikatia nyasi kwa panga mpaka ua unaonekana kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Pesa yako arudishe mwenyewe.

Pili, wewe ni mwongo. Brendah wangu alikuja kwenu Jumamosi kumwona dada yake. Nilimwambia achungulie, akachungulia. Mashine yangu iko nyuma ya betri za malori, imefunikwa turubai, na waya wake umekatwa. Haujachomolewa. Umekatwa kwa kisu, karibu na mota kabisa, mtoto wangu ameona shaba zimetokeza. Huo ndio ukaguzi? Sharlyne alipoulizwa akaanza kulia na kusema hajui kitu. Mwanamke analia kwa sababu ya waya? Mnanificha nini nyinyi wawili?

Nimefikiri sana. Nadhani unataka niamini mashine imeharibika ili nikubali iende Kisumu. Lakini hata hapo umekosea. Yule Robinson alisema mbele yangu kwamba mashine kama hizi bei yake iko kwenye uzima wake: rangi ya kwanza, kibao, sanduku, mota yenye nyaya zilizosukwa kiwandani. Ukiikata umeipunguza, mjinga wewe. Samahani. Sijafuta hilo neno kwa sababu nalimaanisha.

Kuna jambo lingine linalonichoma. Daktari aliniuliza nani alinipiga. Nikamwambia nimeanguka nikikata nyasi. Akasema alama iliyo ubavuni mwangu haikutokana na kuanguka. Mimi nakumbuka nikigeuza mashine karibu na mparachichi, umande haujakauka, halafu nakumbuka taa ya hospitali. Katikati hakuna kitu. Nimewauliza majirani, na Oriokot, ambaye mdomo wake haupumziki hata kanisani, sasa ananiambia aliona tu nimelala chini. Watu wote wamekuwa bubu.

Mashine ikifika kwangu wiki hii, nitanyamaza. Isipofika, nitamwita Sharlyne nyumbani pamoja na mtoto, na mtazungumza na wajomba zake. Mimi sitanii.

Phoebe Atyang


Malaba
Jumatano, 12 Machi 2025

Kwa Mama,

Mwite. Nimechoka kuandika kwa adabu.

Nimesoma barua yako mara tatu nikiwa chini ya lori, nikitupa spana kwa hasira mpaka dereva akaniuliza, "Boss, kuna msiba?" Nikamwambia bado, lakini kuna mama anautafuta.

Hukuanguka. Mashine yako ilikupiga stima. Ilikushika mikono yote miwili ukashindwa kuiachilia, na ilibaki kidogo sana tukuzike. Hiyo ndiyo sababu niliichukua siku ile ile, na ndiyo sababu nimekata waya, ili hata mwizi akiiba asiweze kuichomeka mahali. Unasifu rangi, unasifu kibao, unasifu karatasi inayokatika safi. Mota ile ina miaka sitini na moja! Vitambaa vya ndani vinavyozuia stima vimechoka. Siku ile kulikuwa na umande, stima ikavuja kutoka kwa mota ikaingia kwenye chuma, na kila kitu unachoshika kwa mashine hiyo ni chuma.

Mashine za namna hii zinataka waya wenye nyaya tatu ndani. Ule wa tatu, wa kijani, kazi yake ni kuchukua stima iliyopotea na kuipeleka ardhini badala ya kuipitisha kwa binadamu. Kipande kilichoongezwa kwa waya wako kina nyaya mbili tu. Fundi aliyekiunga hakujua anachofanya, na angestahili kufungwa.

Kwa hiyo hapana, siileti. Mwambie Robinson aje na laki yake na nusu aiweke nyuma ya kioo ambapo hakuna mtu wa kuishika. Imepita miaka thelathini na saba ukiisukuma na sasa imekugeukia. Sharlyne hatakuwa yatima kwa sababu ya nyasi za misheni.

Alvin


Adungosi
Jumatatu, 17 Machi 2025

Alvin,

Leo nakuita kwa jina lako, na uvumilie.

Nilikaa na barua yako siku nne. Nimeelewa habari ya waya wa tatu, umeieleza vizuri, hata mtoto angeelewa. Halafu nikakumbuka.

Waya wa mashine ulikuwa mfupi. Soketi yangu ni moja tu, iko chumbani kwangu ninapolala, kwa sababu walioniletea stima waliweka mita huko na soketi chini yake. Waya ulipita dirishani ukafika nusu ya ua, ukakataa. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2022 niliukunja nikampa Okwi ampelekee mkwe wangu, fundi wa waya Malaba. Ukarudi na mita kumi na tano zaidi, umezungushiwa tepu nyeusi. Nilifurahi sana. Nilikutumia jogoo mwekundu wa kukushukuru, na jogoo ukamla.

Sasa niambie huyo fundi anayestahili kufungwa anaitwa nani.

Niliweka roho yangu mikononi mwa huo waya miaka miwili na nusu, Alvin. Nilikata nyasi za matanga, nyasi za harusi ya Brendah, mara nyingine bila viatu. Na wewe ukijua ulichokosea, badala ya kuniambia, unaniandikia eti stoo haina kufuli! Unaniambia mashine imenigeukia! Mashine haijanigeukia. Mashine ilifanya kazi yake kwa waya uliopewa.

Tena Oriokot amesema. Nilienda kwake jana baada ya ibada, nikakaa kwenye kiti chake na kukataa kuondoka. Alizunguka, akazunguka, mwisho akasema, "Mama, kuna mwanaume alikupiga teke. Usiniulize jina. Hilo jina mimi siwezi taja mbele yako."

Nani alinipiga teke? Andika jina hapa. Usipoandika, usiniandikie tena chochote.

Phoebe Atyang


Malaba
Jumanne, 25 Machi 2025

Mama,

Ni mimi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nimechana karatasi sita. Sharlyne alitaka tunyamaze. Alisema mkwe aliyempiga mama mkwe teke hawezi kukaa tena katika ukoo, na kwamba wewe ukijua utakufa kwa aibu baada ya kupona stima. Majirani nao walikubaliana wasikuambie. Haikuwa njama ya kukuibia. Ilikuwa woga.

Siku hiyo nilikuletea mbolea. Niliteremsha magunia nje ya ua na kusimama nimekupa mgongo, kama siku zote, nikimsubiri Oriokot aje ayaingize. Nilikuwa nasikiliza mota yako. Ilikuwa inaimba vizuri, halafu sauti ikawa nzito. Mimi sauti za mota nazijua. Niligeuka nikakuangalia, jambo ambalo sijawahi kufanya. Ulikuwa umesimama wima, mikono imeganda kwenye mpini, mdomo wazi na hautoi sauti.

Nilikimbia ndani ya nyumba kuzima soketi. Nilipita sebuleni nikafika kwenye pazia la chumba chako, na hapo ndipo nikasimama.

Nataka uelewe kwamba sikufikiri. Hakuna aliyenishika. Miguu yenyewe ilikataa. Tangu nikiwa mdogo kule Marachi nimeambiwa chumba cha mama mkwe hakiingiliki, hata nyumba ikiungua utaita mtu mwingine. Nikafanya hivyo hasa: nikaita mtu mwingine. Nilimwita Oriokot mara mbili, na mashine ikiunguruma nje hakunisikia. Soketi niliiona kupitia upande wa pazia. Ilikuwa hatua tatu. Sijui nilisimama sekunde ngapi. Halafu nikarudi mbio, na kwa kuwa nilikuwa na buti za raba nikakupiga teke la ubavuni kwa nguvu zangu zote, ukatoka kwenye mpini ukaanguka.

Ningeingia, mbavu zako zingekuwa nzima. Ningechelewa zaidi kidogo, ungekufa huku mimi naheshimu pazia.

Na waya, ndiyo, ni mimi. Kazi yangu ni malori. Kwa lori waya mmoja unatosha, mwili wenyewe wa gari ndio unarudisha moto kwa betri. Nilipoona waya wako una nyaya tatu, nilidhani Wazungu wa zamani walipenda tu kupoteza shaba. Nikaunga mbili nikaona nimefanya kazi nzuri. Wa kijani niliukunja ndani ya tepu.

Nina hasira, Mama. Nina hasira na mimi mwenyewe, nina hasira na lile pazia, na nina hasira na wewe pia, kwa kukata nyasi zenye umande miguu mitupu. Niadhibu unavyotaka. Lakini mashine usiniombe. Naiogopa.

Alvin Makokha


Adungosi
Alhamisi, 27 Machi 2025

Alvin,

Teke nimelisamehe. Lilikuwa la mtu anayetaka niishi.

Waya nitausamehe siku utakapoufanya upya.

Kusimama pale sijakusamehe, na ninakuambia hivyo ili usije ukadhani barua hii ni ya upole. Mimi nimezaa binti nikakupa. Nimekula sahani yangu nikiwa nimejificha ukija, nimepita njia ya nyuma nikienda kisimani, nikidhani naheshimiwa. Kumbe heshima hiyo ilikuwa inaniangalia nikifa, hatua tatu kutoka kwa soketi. Nimelia kwa hasira jana kutwa nzima, na kila nikilia mbavu zinauma, ndipo hasira inaongezeka.

Sasa sikiliza. Jumamosi tarehe tano Aprili utakuja na mashine yangu. Utakuja na waya mpya wa nyaya tatu, mzima, usio na kiungo hata kimoja. Utakuja na chuma cha kupigilia ardhini, na ile swichi inayojizima yenyewe stima ikipotea. Usiiguse rangi. Mota uipeleke kwanza kwa msukaji anayejua mota za zamani, aipime na kuikausha, na kama ni lazima isukwe upya, isukwe. Bei ya Robinson ikishuka, ishuke. Mimi nataka ya kukatia nyasi.

Najua utasema soketi ihamie verandani. Sawa, ihamie. Lakini waya wa kuihamisha unaanzia chumbani kwangu, kwenye mita, na fundi mwingine sitaki. Utaingia wewe. Mimi nitakuwa nimekaa humo, juu ya kitanda changu, nikiangalia kila unachounga.

Phoebe Atyang


Malaba
Jumatatu, 31 Machi 2025

Mama,

Mota imepimwa na kusukwa upya na mzee Emukule hapa Malaba, ambaye alisuka mota za kinu cha pamba zamani. Alipoifungua aliuliza nani amekuwa akichonga kaboni hizi. Nikamwambia. Akasema yeye mwenyewe hazichongi vizuri hivyo. Waya nimenunua, mita arobaini, nyaya tatu. Chuma na swichi ninavyo.

Nitakuja. Kuingia ndani nitajaribu. Siwezi kukuahidi miguu yangu.

Alvin


Adungosi
Jumanne, 8 Aprili 2025

Kwako Baba Janet,

Habari za huko? Leo nauliza, kwa sababu leo nataka kujua.

Mashine inafanya kazi. Nimeitia mafuta, nimepima visu kwa karatasi, imekatika safi. Nimegusa chuma chake kwa ile kalamu yako ya kupimia stima, taa haikuwaka. Umande nangoja ukauke, na viatu vya raba ulivyoacha nimevaa, ingawa ni vikubwa na vinanifanya nitembee kama bata. Mbavu bado. Nasukuma kidogo, napumzika. Usimwambie daktari.

Jumapili baada ya ibada wazee walikuja, wanne. Walisema habari imewafikia kwamba mkwe ameingia chumbani kwa mama mkwe mchana kweupe, mwenyewe akiwa ndani, na kwamba lazima atoe mbuzi wa kusafisha nyumba. Walikuwa wamepanga kukutumia ujumbe Malaba. Oriokot ndiye aliyewaongoza, na hakuniangalia usoni.

Niliwaka, Alvin. Niliwauliza kwa nini hakuna hata mmoja wao aliyekuja na mbuzi siku niliposhikwa na stima. Niliwauliza kama kuna kosa la kuingia, kosa la kusimama nje linaitwaje, maana sijawahi kulisikia likitozwa kitu. Mzee mmoja akasema, "Mama Phoebe, desturi ni desturi. Kijana ameingia."

Nikawaambia wameelezwa vibaya. Nikawaambia kijana hakuingia. Alisimama tena pale pale kwenye pazia, bisibisi mkononi, jasho likimtoka, mpaka nikaona atazeeka hapo. Mimi ndiye niliyeteremka kitandani, nikamshika mkono wake kwa mkono wangu, nikamvuta ndani. Kwa hiyo kama kuna aliyevunja kitu katika nyumba hii ni mimi, na mbuzi ni wangu.

Hawajawahi kusikia mama mkwe akitozwa.

Wewe na Sharlyne na mtoto mje Pasaka. Utakula mezani, ndani, na sitajificha. Bado nimekukasirikia kidogo, utaniona usoni, lakini utakula.

Mbuzi wamemchukua leo asubuhi, yule mweusi mwenye mimba, mzuri kuliko wote. Nilikuwa nakata nyasi wakati wanamfunga kamba. Walisimama wakinisubiri nizime mashine tuagane. Sikuzima.

Mimi mama yako,
Phoebe Atyang